Tartibu ya Usafi: Manyoya Kwanza, Maji Baadaye

Maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii tumezoea kuitumia kwa siri iliyoponyoka kinywani, au kwa ndoa iliyovunjwa kwa neno la hasira. Leo nataka kuitumia kwa jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo mno, nalo ni manyoya ya paka ndani ya gari. Maji yakisha kumwagwa juu ya kiti kilichojaa manyoya, kazi huwa imeharibika papo hapo, na hapana sabuni itakayoitengeneza siku ile.

Najua wako watakaoguna na kuuliza iwapo mwandishi amekosa la kusema. La hasha. Jambo hili lina harufu, lina gharama, lina maradhi ndani yake, na lina swali la tahara ambalo watu huulizana wakiwa njiani kwenda msikitini. Tena, na hili ndilo linaloniuma zaidi, lina dhuluma anayofanyiwa kiumbe asiyeweza kujitetea.

Sisi watu wa Pwani hatuna haja ya kufundishwa paka ni nani. Pita Mji wa Kale wa Mombasa alfajiri, pita Lamu, pita Malindi, utawaona barazani, utawaona juu ya kuta, utawaona sokoni wakingoja vichwa vya samaki. Na kwa kuwa magari nayo yameingia vichochoroni, paka ameyakaribisha kama alivyokaribisha kila kitu. Joto la kwetu hutufanya tuache vioo wazi. Paka huona kiti laini, kivuli kizuri na upepo mwanana, akaingia akalala. Mwenye gari anaporudi humkuta amejikunja juu ya kiti cha nyuma, humfukuza, hupangusa kiti kwa kiganja mara mbili, akaenda zake. Baada ya mwezi mmoja wa usingizi huo, kiti cheusi huwa cha kijivu, na abiria aliyevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi huteremka akiwa na koti la pili mgongoni.

Hapo ndipo gari hupelekwa kuoshwa. Na hapo ndipo kosa linapofanyika.

PAKA HANA HATIA

Kabla sijafika kwenye maji na brashi, niseme neno juu ya huyu mshtakiwa. Kila aliyesoma chuoni anajua kwamba paka katika dini yetu ana heshima yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Sahaba Abu Huraira alijulikana kwa lakabu inayotokana na kipaka. Na kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie, hakuna mtoto wa madrasa asiyekisikia.

Pamoja na hayo, tazama tunavyofanya. Mtu hupeleka gari kuoshwa, hulipa, hulirudisha nyumbani, na siku ya pili likishakauka manyoya yale yale huonekana yamesimama juu ya kiti kama nyasi baada ya mvua. Hulirudisha tena, na hali huwa ni ile ile. Mara ya tatu hasira hupanda, na hukumu humwangukia paka. Hutiwa ndani ya gunia akapelekwa kutupwa mbali, ng'ambo ya kivuko au kando ya jaa, pahali asipopajua wala asipojulikana. Na hufanywa hivyo kwa jina la usafi.

Mimi nasema hukumu hii ni ya dhuluma. Manyoya hayakukataa kutoka kwa sababu paka ni mbaya. Yalikataa kutoka kwa sababu binadamu alianza kazi mwisho badala ya kuianza mwanzo.

TABIA YA UNYOYA

Mtu hawezi kushindana na kitu asichokijua tabia yake. Unyoya wa paka ukiuona kwa jicho ni uzi mwembamba tu, laini kama hariri. Lakini ukitazamwa kwa darubini huonekana umefunikwa na magamba madogo madogo yaliyopangana kutoka shinani kuelekea nchani, mfano wa magamba ya samaki. Magamba hayo hushika. Unyoya ukiingia katikati ya nyuzi za kitambaa, kila abiria anapokaa na kujigeuza, huzidi kupenya ndani, na kurudi nyuma huwa ni taabu.

Tena paka hana unyoya wa namna moja. Ana manyoya marefu ya juu, na chini yake ana manyoya mafupi membamba sana yanayomhifadhi ngozi. Yale marefu huonekana na hung'oka kwa urahisi. Yale mafupi ndiyo yenye inda, kwani hujificha katika zulia mpaka uyapekue.

Jambo jingine ni ule umeme mdogo unaozaliwa vitu vikisuguana, ule ule unaolifanya kanzu la nailoni lishikamane na mwili. Vitambaa vingi vya viti vya gari ni vya nyuzi za viwandani, na nyuzi hizo huvuta unyoya kama sumaku ivutavyo chuma. Pwani hewa yetu ina unyevu, kwa hivyo balaa hili ni dogo kuliko bara wakati wa kiangazi, lakini gari linaloendeshwa kutwa vioo vimefungwa na kiyoyozi kinavuma huwa na hewa kavu hata katikati ya Mombasa.

Sasa mwaga maji juu ya mchanganyiko huo. Manyoya hulala chini, hushikana, huwa mafundo. Mwosha gari hutia sabuni na kusugua kwa brashi kwa nguvu zake zote, naye kwa nia njema kabisa huyasukuma manyoya ndani zaidi. Wale wafugaji wa Mongolia, ambao mahema yao hufunikwa kwa mabusati mazito ya sufi, hawashoni wala hawafumi mabusati hayo. Huchukua manyoya ya kondoo, huyatia maji, huyakandamiza na kuyasugua mpaka yakawa kitu kimoja. Magamba ya unyoya ndiyo yanayofanya kazi hiyo. Unyoya wa paka haukazani kama sufi ya kondoo, lakini kanuni ni moja. Anayemwagia maji kiti chenye manyoya akakisugua, anafanya kazi ya Wamongolia bila ya kujua.

Ndiyo sababu kiti kikiwa kimaji huonekana safi, kikikauka huonekana kichafu. Manyoya hayakuwa yametoka. Yalikuwa yamelala tu.

TARTIBU TUNAIJUA

Linalonishangaza ni kwamba sisi, katika watu wote, ndio tuliopaswa kulijua hili bila ya kuambiwa. Mtoto akianza kusoma Safina hufundishwa faradhi za udhu, na katika hizo sita, ya mwisho ni tartibu. Anayeanza na miguu akamalizia na uso hajatawadha, hata kama ametumia pipa zima la maji. Maji ni yale yale na viungo ni vile vile, lakini mpango ukiharibika, ibada hubatilika.

Na katika mlango wa najisi tulifundishwa jambo lililo karibu zaidi na mada yetu. Najisi inayoonekana kwa macho huondolewa kwanza ule mwili wake, ndio wanazuoni wauitao aini, kisha ndipo maji hupitishwa pahali pake. Mtu akimwaga kikombe cha maji juu ya uchafu uliolala chini, hajasafisha kitu. Ameufanya uchafu uliokuwa pahali pamoja kuwa pahali pengi. Bibi zetu hawakuhitaji kitabu kulijua hilo: mtoto alipochafua mkeka, walizoa kwanza, wakafuta, kisha wakaita maji.

Sasa vipi mtu aliyelelewa na bibi huyo akalipeleka gari kwa mwosha magari, akatazama mpira wa maji ukifunguliwa juu ya manyoya ya mwezi mzima, asiseme neno?

Wako wanaouliza kuhusu sala. Sisi wa Pwani wengi wetu ni wafuasi wa Imamu Shafi, na wanazuoni wa madhehebu haya wamepambanua baina ya paka mwenyewe, ambaye akiwa hai ni tohara, na manyoya yaliyomtoka. Manyoya yaliyotengana na mnyama aliye hai asiyeliwa nyama yake wameyahesabu kuwa ni najisi, isipokuwa machache husamehewa. Tena wakaongeza huruma juu ya huruma: aliyepanda mnyama, kama punda, husamehewa hata manyoya yakiwa mengi, kwa sababu ni taabu kwake kujikinga. Watu wa Lamu na punda wao wanaielewa hekima ya kauli hii kuliko yeyote. Madhehebu mengine yana kauli nyepesi zaidi. Fatwa ni kazi ya masheikh, nami sijivishi kilemba kisichokuwa changu. Ninalosema ni kwamba msamaha uliwekwa kwa ajili ya aliyeshindwa kujikinga, haukuwekwa kuwa mto wa mvivu kulalia. Mwenye punda hawezi kumnyonyoa punda wake. Mwenye gari anaweza kulisafisha gari lake.

MBWA WA MWENYE GARI WA KWANZA

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Magari mengi tunayoyanunua si mapya. Ni magari yaliyotumika Japani na kwengineko, yakateremshwa bandarini Kilindini yakiwa na umri usiozidi miaka 8 kama sheria ya Kenya inavyotaka. Miaka hiyo yote gari lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huenda alikuwa na mnyama wake. Inawezekana alikuwa na paka. Inawezekana pia alikuwa na mbwa, na mbwa huyo akawa abiria wa kila siku wa kiti cha nyuma na buti.

Muuzaji huliosha gari likang'ara. Mnunuzi huona dashibodi inamwekamweka, hunusa manukato yaliyopulizwa, hutoa fedha zake. Wiki ya pili hukunjua kiti cha nyuma, na ndani ya mishono hukuta manyoya mafupi magumu yasiyofanana na ya paka yeyote wa mtaani kwake. Hapo moyo humruka.

Ndugu yangu, ukikuta manyoya ambayo yawezekana ni ya mbwa, usikimbilie maji. Katika madhehebu ya Shafi mbwa ni najisi nzito, na najisi haihami kutoka kikavu kwenda kikavu. Huhama penye unyevu. Anayechukua ndoo akaimwaga juu ya kiti hicho amelichukua jambo lililokuwa kavu, lenye mpaka wake, akalifanya bichi lisilokuwa na mpaka. Vaa glavu, yatoe yote yakiwa makavu, yatie mfukoni, ufunge. Ukisha kufanya hivyo, muulize sheikh wako namna ya kuosha. Hapa fikihi na ufundi zimekutana njia moja, na zote mbili zinasema: kavu kwanza.

KAZI YENYEWE

Basi kazi hufanywaje? Haihitaji mashine za ajabu, bali yahitaji subira na mpango.

Kwanza, lipeleke gari kivulini na ufungue milango yote pamoja na buti. Usifanye kazi hii vioo vimefungwa, kwa sababu kitakachoruka utakivuta puani. Funga kitambaa au barakoa usoni. Toa mazulia ya miguuni, toa foronya za viti kama zipo, uyakung'ute nje, mbali na gari na mbali na nguo za jirani zilizoanikwa.

Pili, anza juu uteremke chini, kwani kinachotoka juu kitaangukia chini. Dari la gari lipitie kwa mkono mwepesi sana. Kitambaa chake kimegundishwa juu ya sifongo nyembamba, na anayekisugua kwa nguvu atakuja kukiona kinaning'inia kama chandarua.

Tatu, viti. Silaha kubwa hapa ni mpira. Glavu za mpira za kuoshea vyombo zinatosha kabisa. Zivae, kisha pitisha kiganja juu ya kiti kwa kuvuta kuelekea kwako, upande mmoja tu, bila ya kwenda na kurudi. Mpira huushika unyoya, huutoa katikati ya nyuzi, na manyoya hujiviringa yakawa kamba ndogo ndogo unazoweza kuziokota kwa vidole. Asiyekuwa na glavu na atumie kile kifutio cha mpira cha kupangusia vioo, au kipande cha kandambili kuukuu kilichooshwa kikakauka. Lakini jaribu kwanza pembeni pasipoonekana, maana mpira mweusi huweza kuacha alama juu ya kitambaa cheupe. Ukimaliza upande mmoja, pitisha upya kwa kukata, na utashangaa kuona pale ulipodhani umemaliza pana mavuno mengine.

Nne, zulia la chini na buti. Hapa ndipo pagumu kuliko pote. Zulia la buti aghalabu halikufumwa. Ni nyuzi zilizochomwachomwa kwa sindano za kiwandani mpaka zikashikana, na unyoya ukiingia humo hujisokota kama uliozaliwa humo. Kwa zulia hili tumia brashi yenye nywele ngumu au jiwe la kusugulia visigino, lakini kwa mkono wa huruma na kwa pigo fupi fupi za upande mmoja. Jiwe hilo lisiguse viti wala ngozi wala plastiki.

Tano, mashine ya kufyonza vumbi. Wengi huanza na mashine hii kisha hulalamika kwamba haina nguvu. Mashine hufyonza kilicholegea, haing'oi kilichojisokota. Kazi ya kung'oa ni ya mpira na brashi. Ukisha kung'oa ndipo mashine huja kuchukua. Sukuma viti mbele, fyonza nyuma ya reli zake, kisha virudishe nyuma, ufyonze mbele. Baina ya kiti na kiti, penye kufuli za mikanda, ndipo manyoya yanapojificha pamoja na peremende za watoto na sarafu zilizopotea. Pahali mashine isipofika, tumia utepe wa gundi uliozungushwa kidoleni, ugundishe na kubandua.

Viti vya ngozi havina shida kubwa, kwani unyoya haupenyi, lakini tazama mishono yake. Na kwa zile nyuzi chache zilizobaki zikirukaruka kwa umeme, unaweza kupitisha kitambaa kilicholoweshwa kikakamuliwa barabara. Unyevu wa namna hiyo hutuliza umeme. Unyevu ni kitu kimoja, na kumwaga maji ni kitu kingine.

Sita, kiyoyozi. Magari mengi ya siku hizi yana chujio la hewa ya ndani, mara nyingi nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria. Manyoya huvutwa hadi hapo. Mtu aweza kusafisha gari lote likawa kama msikiti siku ya Idi, kisha akawasha kiyoyozi akapuliziwa upya kile alichokitoa. Chujio litolewe litazamwe, na likichoka libadilishwe.

Mwisho, chukua tochi. Ilaze ubavuni mwa kiti ili mwanga wake upite sambamba na kitambaa. Jua la mchana huficha manyoya, lakini mwanga uliolazwa huyasimamisha yote. Ukiona kiti kimetulia, basi sasa, na si kabla ya sasa, waweza kuita maji na sabuni. Maji yawe kwa kiasi, na milango ibaki wazi mpaka gari likauke kabisa, kwani kwa unyevu wa Pwani yetu gari likifungwa bichi usiku mmoja litanuka kuvu, na utakuwa umeuza uchafu mmoja ukanunua mwingine.

PUMU HAICHEZI

Wako watakaosema kwamba manyoya machache hayajamuua mtu. Na wamuulize mwenye pumu.

Kinachowadhuru baadhi ya wagonjwa wa pumu na mzio si unyoya wenyewe. Ni protini inayotoka katika mate na tezi za ngozi ya paka. Paka hujilamba kutwa, mate hukauka juu ya manyoya, kisha hupukutika vumbi jepesi mno linaloweza kuelea hewani kwa saa nyingi. Unyoya ni mchukuzi tu, kama mchukuzi wa bandarini, na mzigo ndio wenye madhara. Mzigo huo hubaki ndani ya vitambaa kwa miezi hata baada ya paka kuondoka, na watu huubeba kwa nguo zao mpaka pahali pasipokuwa na paka.

Si kila mwenye pumu hudhurika na paka, lakini dereva hawezi kumjua anayedhurika mpaka aanze kukohoa. Na gari ni chumba kidogo. Teksi, matatu, gari la kuwapeleka watoto madrasa, humo mtu hukaa magoti kwa magoti na wenziwe, wala hawezi kuondoka. Mama aliyempakata mtoto anayekoroma kifua hana hiari ya kuteremka katikati ya daraja la Nyali. Hii ndiyo sababu nasema tartibu zote mbili ni lazima: kavu ili kuondoa mchukuzi, kisha maji ili kuondoa mzigo uliobaki. Anayeosha bila ya kutoa manyoya hajafanya kitu, na anayetoa manyoya bila ya kuosha amefanya nusu. Na mwenye pumu asipewe kazi hii, hata kama ndiye kijana mwenye nguvu nyumbani.

NANI ALAUMIWE?

Ni rahisi kuwatupia lawama vijana wanaoosha magari. Nami nakiri kwamba wengi wao hukimbilia mpira wa maji kabla hawajatazama ndani. Lakini tuwe waadilifu. Kijana huyu hulipwa kwa gari, halipwi kwa saa. Wewe mwenye gari umekuja mbio, umesimama juu ya kichwa chake, umemwambia una safari, na ukamkata bei. Manyoya ya mwezi mzima hayatoki kwa robo saa. Akianza kuyang'oa kwa glavu, magari mawili yatampita, na wewe utamuuliza kwa nini hajafungua maji bado. Kwa hivyo hufungua maji, kwa sababu maji huonekana. Povu huonekana. Kazi kavu haionekani, na kisichoonekana hatupendi kukilipia.

Rai yangu ni hii. Wenye magari tukubali kwamba kutoa manyoya ni kazi mbali, yenye ujira mbali, na wakati wake mbali. Tupatane nayo kabla ya ndoo kujazwa. Na asiyetaka kulipa, basi na aifanye mwenyewe nyumbani, jioni moja baada ya Alasiri, kwa glavu za jikoni na subira, kisha alipeleke gari kuoshwa likiwa tayari kwa maji. Na wale wenye pahali pa kuoshea magari waweke glavu na brashi kavu karibu na mpira wa maji, na wamfundishe kila kijana mpya kuuliza swali moja kabla hajafungua bomba: ndani mna manyoya?

Nao ufugaji wetu tuutie adabu. Pandisha vioo, uache upenyo mdogo wa kupitisha hewa usioweza kupitisha paka. Tandika shuka kuukuu juu ya kiti ikiwa unampeleka paka kwa daktari wa mifugo, umtie na kikapuni. Kila wiki pitisha glavu mara moja tu kitini. Dakika 5 za kila wiki zitakuokolea nusu siku ya kila mwezi, na haba na haba hujaza kibaba, kwa manyoya kama kwa fedha.

Ikiwa desturi yako ni kuliosha gari Alhamisi ili Ijumaa uende msikitini na wazee wako wakiwa wamekaa pasafi, basi wiki hii anza Jumatano. Na yule paka wa barazani mwache alale barazani. Kwa vijana wetu wanaoosha magari nawaachia ubeti huu, waushike kuliko maelezo yangu marefu:

Uanzapo usafini, anza kwanza na manyoya,
Yatoe mote pembeni, yalikojikusanyiya,
Maji yasifike ndani, kabula hujayang'oya,
Paka usimpe deni, la kazi ulokimbiya.